Oriang, 2001–2026: Robo Karne ya Cheshire na Shule za Kijiji

Oriang iko Rachuonyo, kusini mwa Ghuba ya Winam, katika nchi ya viazi vitamu, mahindi na ng'ombe wachache wa nyumbani. Mwaka 2001, wakati huko kukiitwa bado wilaya ya Rachuonyo, mkoa wa Nyanza, shirika la hisani la Leonard Cheshire lilianza kazi katika shule tano za msingi za eneo hilo. Shule hizo zilikuwa za kawaida kabisa: za serikali, za kutwa, zenye watoto waliotembea kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Kazi yenyewe inasemeka kwa sentensi moja. Mtoto mwenye ulemavu asome katika shule iliyo karibu na kwao, pamoja na ndugu zake na watoto wa jirani.

Mwaka 2026 unatimiza miaka 25 tangu siku hizo. Kurasa hizi zinaeleza jinsi shirika lililojulikana duniani kwa kuwapa wagonjwa nyumba lilivyofika katika madarasa ya kando ya ziwa, lilikuta nini, lilijifunza nini, na deni lipi limebaki.

Kabla ya 2001: mtoto alipelekwa mbali

Si kweli kwamba watoto wenye ulemavu wa Nyanza walisahauliwa hadi shirika la Cheshire lilipokuja. Aliyetangulia hapa ni kanisa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga mabweni.

Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921. Baada ya Vita Kuu ya Pili lilianzisha Thika shule ya wasioona, mwaka 1946, kazi iliyokuwa imeanza Nairobi kwa kuwahudumia askari waliopofuka vitani. Baadaye jeshi hilohilo likaja Kisumu: Kibos kwa wasioona, na Joyland kwa wenye ulemavu wa viungo. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na Mtakatifu Oda huko Aluor, Gem, kwa wasioona. Mwaka 1961 zikafunguliwa Nyang'oma, karibu na Bondo, na Mumias, ambazo ni miongoni mwa shule za mwanzo kabisa za viziwi nchini.

Vyama vya kitaifa vilizaliwa katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1958 ulileta viwili: Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, kinachojulikana kwa herufi APDK, na Chama cha Watoto Viziwi cha Kenya. Polio ilikuwa imepita katika nyumba nyingi miaka ya 1950, ikaacha watoto waliotambaa kwa mikono. Vyuma vya miguu na magongo vilihitaji mahali pa kutengenezwa, na mtoto alihitaji mahali pa kukaa wakati akizoeshwa kuvitumia.

Serikali huru ilianza kuuliza maswali mapema. Mwaka 1964 iliunda kamati iliyoongozwa na Waziri Ngala Mwendwa kuchunguza malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na mapendekezo yake yakawa msingi wa waraka wa Bunge wa mwaka 1968. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianza vituo vya kutathmini watoto na kuwapa nyenzo, vile ambavyo kila mwalimu huviita EARC. Mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ili walimu wasomee kazi hiyo hapa hapa nchini.

Kwa hiyo huduma ilikuwepo. Tatizo lilikuwa umbali. Mtoto wa Rachuonyo aliyepata bahati ya kitanda Kibos au Nyang'oma aliondoka Januari akarudi Aprili. Mzazi alihitaji nauli, sanduku, godoro, sare na karo ya bweni, na alihitaji ujasiri wa kumwacha mtoto wa miaka sita mikononi mwa watu asiowajua. Wengi hawakuwa na nauli, na wengine hawakuwa na ujasiri huo. Mtoto wao akabaki nyumbani akichunga kuku, au akafichwa chumba cha nyuma wageni wakija.

Mabweni yanastahili haki yao katika historia hii, kwa sababu kuna jambo walilofanya watoto wa Nyang'oma na Mumias ambalo hakuna mfadhili aliyelipanga. Mafundisho ya viziwi miaka hiyo yalikuwa ya kusoma midomo na kulazimisha sauti itoke; ishara za mikono zilikatazwa darasani. Usiku, bwenini, mikono ikazungumza. Wataalamu wa Lugha ya Ishara ya Kenya huzitaja shule hizo za magharibi kila wanapoeleza ilikoanzia. Lugha ambayo Katiba ya 2010 inaitambua kwa jina ilikulia kwenye vitanda vya chuma, gizani, kati ya watoto waliokuwa wamekatazwa kuitumia.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia mtazamo wa zamani. Kipofu, kiziwi, kilema: maneno haya yana umbo la kiti na kikapu, ngeli ya vitu, ingawa tunayapatanisha kama watu. Vitabu vya leo huandika mtu mwenye ulemavu, asiyeona, na mabadiliko hayo ni mema. Hata hivyo viziwi wengi huendelea kujiita viziwi bila aibu yoyote, na ni haki yao kuchagua jina lao.

1948–1992: mwasisi na nyumba ya Le Court

Leonard Cheshire alizaliwa Uingereza mwaka 1917. Alikuwa rubani wa ndege za mabomu, akafanya safari mia moja za vita, akapewa Msalaba wa Victoria mwaka 1944, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yake. Tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa ndani ya ndege iliyotumwa kushuhudia bomu la atomiki likiangushwa Nagasaki.

Baada ya vita alijaribu kuanzisha kijiji cha wanajeshi waliostaafu. Mradi ukaanguka, akabaki na madeni na nyumba kubwa iliyoitwa Le Court, huko Hampshire. Mwaka 1948 hospitali ilimwarifu kwamba Arthur Dykes, mwanajeshi wa zamani wa anga aliyewahi kuishi kijijini hapo, alikuwa anakufa kwa saratani na hana pa kwenda. Cheshire, ambaye hakuwa daktari wala muuguzi, alimchukua, akampikia, akamwogesha, akamuuguza hadi siku ya mwisho. Kabla Dykes hajafa, mgonjwa wa pili, bibi kizee wa miaka tisini na kitu, alikuwa amekwisha kuletwa mlangoni. Shirika lilianza hivyo, bila mpango wala bajeti.

Katikati ya miaka ya 1950 nyumba za Cheshire zilivuka bahari, ya kwanza ikawa Bombay. Afrika ikafuata, na Kenya nayo ikapata zake. Limuru ni jina ambalo Wakenya wengi huliunganisha na Cheshire kwa sababu ya wasichana waliofunzwa kazi za mikono huko. Kila nyumba iliendeshwa na kamati ya wenyeji. Mwasisi alifariki tarehe 31 Julai 1992.

Miaka miwili baada ya kifo chake, Juni 1994, wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Uhispania, wakatoa tamko kuwa shule ya kawaida ndiyo iwe mahali pa kwanza pa mtoto mwenye mahitaji maalum. Mashirika yaliyojengwa juu ya nyumba za malezi yalilazimika kujitazama upya, na Leonard Cheshire likawa moja yao. Jibu lake katika Afrika Mashariki lilipatikana Rachuonyo.

2001 na kuendelea: shule tano za Oriang

Mazingira hayakuwa mepesi. Ukimwi ulikuwa umeipiga Nyanza kuliko mkoa mwingine wowote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa karibu asilimia 15 ya watu wazima wa mkoa huo walikuwa na virusi. Nyanya walilea wajukuu. Malaria ilikuwa ya mwaka mzima, na malaria inayopanda kichwani humwachia mtoto aliyenusurika kifafa, udhaifu wa upande mmoja, au akili inayochelewa. Uzazi wa nyumbani uliokwenda vibaya uliacha madhara yake pia.

Hesabu zilizotangazwa na mradi zinastahili kusomwa polepole. Katika shule tano za Oriang kulikuwa na watoto 2,568. Kati yao, 282 walikuwa na ulemavu, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Hiyo ni karibu mtoto mmoja kwa kila tisa. Walio wengi kati ya hao 282 walikuwa na uoni hafifu, kifafa, au matatizo ya viungo, ya akili au ya kusikia.

Mtu akisikia shirika la watoto wenye ulemavu huona akilini kiti cha magurudumu. Kiti kilikuwepo, lakini Oriang iliwaonyesha walimu kitu kingine: wengi wa watoto waliokuwa wakitafutwa wanaweza kuwa wamo darasani tayari. Yule aliyekaa nyuma, anayenakili ubao vibaya na kuchapwa kwa uzembe, haoni ubao. Yule anayeitwa mkaidi kwa kuwa haitiki akiitwa, sikio lake moja linatoa usaha tangu utotoni na la pili limeanza kufuata. Yule anayekosa shule siku mbili kila wiki ana kifafa, na mama yake anaogopa aanguke njiani au shuleni wamkimbie wakidhani kinaambukiza kwa mate.

Mtu anayelinganisha takwimu atauliza. Sensa ya 2019 ilisema wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi, na katika Kaunti ya Homa Bay, ambamo Rachuonyo imo leo, asilimia 4.3, moja ya viwango vya juu zaidi nchini. Oriang ilipata asilimia 11 shuleni. Kipimo si kimoja: sensa huuliza maswali machache mlangoni na huhesabu matatizo makubwa, mwalimu aliyefunzwa humtazama mtoto muhula mzima na huandika hata tatizo dogo. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndiyo hoja nzima ya elimu jumuishi. Aliyefunzwa kutazama huona mengi zaidi, na anachokiona mara nyingi hutibika kwa kitu rahisi: kumsogeza mtoto dawati la mbele, kuandika herufi kubwa, kusafisha sikio, vidonge vya kifafa kila siku bila kukosa.

Kuwatambua watoto darasani kulikuwa sehemu ya kwanza ya kazi; ya pili ilikuwa majengo. Darasa la shule ya kijiji huwa na kizingiti kirefu, madirisha madogo na sakafu yenye mashimo. Kizingiti kikageuzwa njia ya mteremko, mlango ukapanuliwa, dirisha likakuzwa ili mwanga uwafikie wenye uoni hafifu, choo kikawekewa pa kushika. Wasiojua hudharau habari ya choo. Mtoto asiyeweza kuchuchumaa juu ya shimo huacha kunywa maji asubuhi ili asihitaji kwenda, na kufikia saa sita kichwa kinamuuma na somo limempita. Msichana akishapevuka, huacha shule kabisa.

Sehemu ya tatu ilikuwa watoto wenyewe. Mmoja anasukuma kiti, mwingine anabeba mkoba, mwingine anakwenda kumchukua mwenzake kwao ambaye hajafika shule wiki nzima. Mtindo huo wa mtoto kwa mtoto haukuhitaji fedha, na ulibadilisha kijiji haraka kuliko mabaraza. Mzazi aliyemficha mwanawe akawa anagongewa mlango na watoto wa darasa la tatu.

Uongozi wa miaka hiyo haukuwa wa mtu mmoja. Kulikuwa na meneja wa mradi na maafisa wake, walimu wakuu watano, kamati za shule, maafisa wa tathmini wa wilaya, machifu na wazee wa vijiji. Shirika la kimataifa la Leonard Cheshire lilitoa fedha, ushauri na mafunzo. Kazi ya kila siku iliendeshwa na Wakenya. Kabla ya Oriang, walimu wa kawaida wengi waliamini kuwa mtoto asiyesikia au asiyeona ni wa mtaalamu peke yake, na ukweli ni kwamba chuoni hakuna aliyekuwa amewaambia vinginevyo.

2003–2011: sheria yaja nyuma ya mradi

Mradi ulikuwa na miaka miwili tu serikali mpya ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, Januari 2003. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ruzuku ya serikali ilikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa shule za kijiji habari hiyo ilikuwa na pande mbili. Mlango ulifunguka kwa walioshindwa na karo, wakiwemo wengi wenye ulemavu. Darasa la watoto arobaini likawa la themanini, na mwalimu aliyefunzwa kumtazama kila mtoto akakosa hata nafasi ya kupita kati ya madawati.

Mwishoni mwa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, nalo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu likaundwa. Sheria hiyo ilizikataza shule kumkatalia mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake. Mwaka huo huo serikali iliunda jopo la kuchunguza elimu maalum, likaongozwa na Dkt. Edwards Kochung wa Chuo Kikuu cha Maseno. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, mwaka 2009 ukaja mwongozo wa sera ya elimu maalum, na mwaka 2010 Katiba mpya ikaandika haki hizo katika kifungu cha 54.

Mtu anaweza kusema sheria zingekuja tu. Pengine. Lakini waandishi wa sera huhitaji mahali pa kuelekeza kidole wakiulizwa kama jambo linawezekana, na shule tano za Rachuonyo zilikuwa zimeanza kabla ya karatasi hizo zote. Oriang iliandikwa na kusomwa nje ya Kenya kama mfano wa elimu jumuishi katika nchi isiyo na fedha nyingi.

Sheria zilikuja, lakini magonjwa yanayoleta ulemavu hayakuwa yamekoma: Julai 2011 polio iliyokuwa imesahaulika ilijitokeza tena kwa mtoto wa Rongo, kusini mwa ziwa, ikitoka nje ya nchi. Kampeni za chanjo zilirudi nyumba kwa nyumba. Tukio hilo lilikumbusha kwamba kinga hulegea watu wakiona ugonjwa umekwisha.

2013–2017: wasichana 2,050

Baada ya shule tano zikaja hamsini. Kwa fedha za serikali ya Uingereza, kupitia mfuko wake wa elimu ya wasichana, Leonard Cheshire lilianza mwaka 2013 mradi uliobeba jina la Kisumu lakini ukaenea ukanda mzima wa ziwa: Kisumu Mashariki, Siaya, Mbita, Migori na Kuria Mashariki. Lengo lilikuwa wasichana 2,050 wenye ulemavu katika shule 50 za kawaida za msingi. Gawanya, utapata wasichana 41 kwa kila shule.

Kwa nini wasichana? Katika nyumba yenye uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, mvulana mzima huenda kwanza, kisha msichana mzima, kisha mvulana mwenye ulemavu. Msichana mwenye ulemavu ni wa mwisho foleni, na mara nyingi fedha huisha kabla ya kumfikia. Kwake kuna hofu nyingine ambayo wazazi huieleza kwa sauti ya chini: njia ni ndefu, mto una vichaka, na asiyeona au asiyeweza kupiga kelele ni windo rahisi kwa mwanamume mwovu. Kumbakiza nyumbani huonekana kama kumlinda, ingawa nyumbani nako wengine wamedhuriwa.

Mradi huu ulirithi mbinu za Oriang na kuziongeza. Mtoto alipimwa na maafisa wa EARC kabla ya kupewa chochote, kwa kuwa miwani isiyo ya macho yake au kiti kisicho cha kiuno chake ni mzigo. Palikuwa na usafiri kwa wasioweza kutembea, sare, sodo, vifaa, na walimu wasaidizi waliokaa na mtoto darasani. Kulikuwa na vikundi vya wazazi. Na kulikuwa na kitu ambacho mwandishi huyu anakiona kuwa cha busara kuliko vyote: wanaume washauri. Akina baba walifunzwa kuzungumza na akina baba wenzao. Katika boma la Mluo, la Msuba au la Mkuria, mama anaweza kuelewa yote na bado asiweze kuuza mbuzi kwa ajili ya magongo bila neno la mwenye boma. Semina za akina mama zilikuwa zimefanyika miaka mingi. Kumwendea baba chini ya mti wake, akiwa na wenzake, kulikuwa jambo jipya.

Vikwazo vilikuwa vya udongo na maji. Mbita ni nchi ya visiwa na mawe. Nchi tambarare ya Kano, upande wa Kisumu, ina udongo mweusi unaonata. Masika yakianza, kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa ajili ya lami huzama hadi ekseli. Boda boda ikawa msaada wa kweli, mtoto katikati, mzazi nyuma, gongo likifungwa ubavuni kwa mpira. Njia ya kutoka boma hadi barabara haimo katika bajeti ya shirika lolote.

Hatua kuu kwa ufupi

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1946 | Jeshi la Wokovu laanza shule ya wasioona, Thika |
| 1948 | Leonard Cheshire ampokea mgonjwa wa kwanza, Le Court |
| 1958 | APDK na Chama cha Watoto Viziwi vyaundwa |
| 1961 | Shule za viziwi Nyang'oma na Mumias zafunguliwa |
| 1984 | Vituo vya tathmini (EARC) vyaanza |
| 1986 | KISE yaundwa |
| 1992 | Leonard Cheshire afariki |
| 1994 | Tamko la Salamanca |
| 2001 | Kazi yaanza katika shule tano za Oriang |
| 2003 | Elimu ya msingi bila malipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu yapitishwa |
| 2008 | Kenya yaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa |
| 2010 | Katiba mpya |
| 2013–2017 | Mradi wa wasichana 2,050 katika shule 50 za ukanda wa ziwa |
| 2018 | Kenya na Uingereza zaandaa kwa pamoja Mkutano wa Dunia wa Ulemavu, London |
| 2025 | Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu |

Swali la viziwi

Kijitabu cha kumbukumbu kina kishawishi cha kusifu tu, nacho kikikubali kishawishi hicho hakisomwi mara ya pili. Kuna mahali ambapo njia ya Oriang haitoshi.

Mtoto asiyeona vizuri akikaa na wenzake wanaoona, anapata marafiki na anapata somo. Mwenye gongo vivyo hivyo. Mtoto kiziwi akiwekwa peke yake katika shule ya watoto 500 wanaosikia, mwalimu akiwa na ishara thelathini alizojifunza kwenye warsha ya siku tano, yumo darasani kwa daftari la mahudhurio tu. Lugha haijifunzwi na mtu mmoja. Inahitaji wenzake wanaoitumia wakicheza, wakigombana, wakidanganyana. Kile ambacho watoto wa Nyang'oma walikipata bwenini mwaka 1961 hakiwezi kununuliwa kwa njia ya mteremko.

Kwa hiyo Nyang'oma, Kibos na Joyland hazikuwa makosa ya kale yaliyosahihishwa mwaka 2001. Wako walimu, mawakili na mafundi wa kando ya ziwa ambao bila mabweni hayo wasingejua kusoma. Kinachofaa ni mzazi awe na hiari: shule ya karibu iliyo tayari, au shule maalum iliyo nzuri. Kwa miaka mingi mzazi wa Rachuonyo hakuwa na hata moja. Oriang ilimpa ya kwanza. Ya pili bado inahitaji maktaba za nukta nundu, walimu walio viziwi wenyewe, na mabweni yenye wasimamizi wa kutosha usiku.

Deni lingine ni la muda. Fedha za wahisani huja kwa miaka mitatu au minne. Mwalimu msaidizi anayelipwa na mradi huondoka mradi unapofungwa, na mtoto aliyemzoea anabaki darasa la tano. Mwalimu aliyefunzwa vizuri hupewa uhamisho kwenda kaunti nyingine, na ujuzi humfuata. Kilichobaki baada ya kila mradi ni kile ambacho shule, wazazi na serikali walikikubali kuwa chao: majengo, mazoea ya watoto, na akina baba waliobadili mawazo.

Kutoka 2020 hadi leo

Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Masomo ya redio hayakuwafikia viziwi, ya simu hayakuwafikia wasioona wala wasio na simu. Katika miezi hiyo hiyo ziwa lilipanda kuliko watu wengi wa pwani yake walivyowahi kuona, likaingia nyumbani, shuleni na njiani. Agosti 2020, katikati ya shida hizo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kanda ya Afrika kuwa huru na polio ya asili, ugonjwa uliosukuma kuundwa kwa APDK mwaka 1958.

Mei 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Oriang mwaka 2001 sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, na huenda ana mtoto wake shuleni.

Msomaji aliye na mtoto nyumbani, wake au wa jirani, ambaye hajaandikishwa kwa sababu haoni vizuri, hasikii, anaanguka kifafa, anachelewa kuelewa au hatembei, ampeleke kwanza ofisi ya EARC ya kaunti ndogo yake akiwa na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Tathmini ikikamilika, mwalimu mkuu wa shule ya karibu hana ruhusa ya kisheria kumrudisha nyumbani. Akimrudisha, liulizwe hilo kwa maandishi, na nakala ipelekwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Muhula wa kwanza huanza Januari; usisubiri Januari ifike.